Mhandisi na Chumba cha Wasafiri

Nilimwonea wivu, na naliweka hili mbele ya mengine yote. Nikianza na heshima na shukrani, msomaji atadhani hayo ndiyo yaliyonipeleka Al Hail, Muscat, kila Ijumaa miaka yote ile. Sivyo. Nilikwenda kwa sababu yule mzee alikuwa na msikiti mzima kichwani, na kuta zake, na ngazi zake, na birika la maji katikati, na mimi niliyezunguka nchi kadhaa sikuwa na hata chumba kimoja ninachokijua namna ile.

Tulimwita Mhandisi. Mkewe alimwita hivyo, majirani walimwita hivyo, na sisi tuliompelekea mizigo tukafuata. Alikuwa Mwomani wa zile familia zilizorudi kutoka Unguja, Kiswahili chake kilikuwa cha huko, na alikuwa amestaafu serikalini. Ukoo wake siujui vizuri na sitajifanya naujua.

Msikiti wenyewe uko Bursa, Uturuki, na watu wanauita Msikiti wa Kijani. Ulijengwa mwanzoni mwa karne ya kumi na tano, wakati Waosmani hawajaichukua bado Istanbul, wala hawajaanza kujenga yale makuba makubwa ambayo watalii huyapigia picha. Kwa Mhandisi hayo makubwa yalikuwa majigambo.

"Huu ni msikiti wa dola changa," alikuwa akisema. "Dola changa bado ina haya. Ikishakuwa kubwa inajenga ili ionekane kutoka baharini."

Nilimjua kwa sababu ya rangi. Wakati ule nilikuwa dereva wa duka la vigae Hamriya. Mhandisi alitaka vigae vya kijani kwa ukuta mmoja wa majlisi yake, yaani kile chumba cha kupokelea wageni ambacho kila nyumba ya Kiomani inacho karibu na lango. Nikampelekea boksi la kwanza. Akatoa kigae kimoja, akatoka nacho juani, akarudi nacho ndani, akakitia mate kwa kidole, akakitazama tena.

"Hiki kijani gani, yakhe?"

"Kijani tu, mzee."

"Kijani tu ni cha duka la dawa. Rudisha."

Nikarudi na kingine. Hicho kikawa kijani cha kasuku. Cha tatu kikawa kijani cha dawa ya mswaki. Ikawa kila shehena mpya ikiingia lazima nimpelekee, na kila nilichompelekea narudi nacho. Mkenya mmoja niliyefanya naye kazi ghalani alikuwa akiniona narudi na boksi lile lile, anacheka mpaka anakaa chini. "Huyo mzee hatafuti vigae, bana," akaniambia. "Anatafuta sukuma wiki."

Siku moja nikauliza swali ambalo dereva haulizi. "Mzee, kijani unachokitaka wewe umekiona wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyegongewa mlango baada ya kungoja sana. Akaniambia nizime gari. Akanikalisha, akanimiminia kahawa, akaanza kunieleza vigae vya pembe sita, vya kijani kizito kinachokaribia buluu, vilivyokuwa vimepakwa dhahabu juu, na dhahabu ile imefifia ikabaki kama kivuli. Alisema ukisimama mbali ukuta ni mweusi, ukisogea unakuwa bahari, na ukiugusa ni baridi hata Agosti. Alisema mafundi wake walitoka Tabrizi, nchi nyingine kabisa, na waliandika kwenye mihrabu, pale anaposimama imamu, kwamba hii ni kazi ya watu wa Tabrizi, ili asije mtu akasema vinginevyo.

Nilirudi Hamriya nimechelewa, nikakemewa mbele ya wateja. Sikusikia hata walichosema.

Mimi niliacha shule darasa la sita, Kilosa, na si kwa sababu ya kusikitisha sana, nilichoka kukaa. Tangu hapo nimeendesha malori, nimepaka rangi nyumba Mombasa, nimefunga viyoyozi Dubai, nimepika ubwabwa wa harusi za watu nisiowajua. Kila nilipofika niliuliza maswali, na kila jibu nililopata lilikuwa kipande. Nina vipande vingi. Kumbe mtu anaweza kuchukua jengo moja, akakaa nalo maisha yake yote, akalijua mpaka mahali maji yanapochuruzika mvua ikinyesha. Hilo ndilo lililoniuma, zaidi ya nyumba yake, zaidi ya gari lake na pasipoti yake.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha, ingawa asingekubali kuiita kufundisha. Hakuonyesha picha. Picha, alisema, inakuweka mahali alipopenda mpiga picha. Yeye alikusimamisha. Alikutoa kwenye mto wako, kahawa mkononi, akakuweka kwenye zulia: hapa ndipo mlangoni, sasa ingia. Watu wazima wenye kanzu zilizopigwa pasi walitembezwa ndani ya majlisi ile kama wanafunzi wa gwaride. Alikuwako jirani, daktari wa meno mstaafu, naye pia wa asili ya Unguja, ambaye kila wiki alipangiwa kuwa ukuta.

"Daktari, wewe ukuta wa kushoto. Tulia."

"Mie nimekuwa ukuta tangu mwaka juzi, Mhandisi. Leo nipe hata nguzo."

"Nguzo haisemi. Ukuta ndo huo huo wako, na umeshaanza kupasuka."

Basi tunaingia. Unapita ukumbi mwembamba wenye dari ya chini na giza, na juu ya kichwa chako ndiko sultani alikokuwa akikaa, amezungukwa na vigae vya rangi. Unatokea ghafla kwenye ukumbi mrefu wenye kuba, na juu ya kuba kuna uwazi wa kuingiza nuru, na chini yake birika la maji, ndani ya msikiti, si nje. Mbele yako kuna ngazi, na huko juu, chini ya kuba la pili, ndiko kwenye mihrabu na mahali pa kuswalia. Kulia na kushoto kuna kumbi mbili ndogo. Na kwenye pembe, alisema siku ile ya kwanza niliposimama naye katikati ya zulia, kuna vyumba.

"Vyumba vya nini?"

"Vya wasafiri."

"Wasafiri wanalala msikitini?"

"Si pale penye kuswalia. Kando. Misikiti ya mwanzo ya Waosmani ilikuwa hivyo. Mtu anatoka njiani, matope mpaka magotini, anapewa chakula, anapewa chumba kwa siku kadhaa. Chumba kina jiko la kuotea moto, maana Bursa kuna theluji. Kina vidaka ukutani, kama vya nyumba zetu za Mjini Unguja, unaweka vitu vyako. Khalafu baadae dola ikakua, wasafiri wakatolewa wakajengewa mahala pao kwengine, na vyumba vikawa havina kazi."

Nikamwuliza kama waliulizwa dini. Mimi ni Mkatoliki. Maghribi ikiadhiniwa, wote waliinuka kwenda msikitini na mimi nilibaki na birika la kahawa na safu ya viatu vya ndani.

Mhandisi akafikiri. "Nadhani," akasema, "waliulizwa kama wana njaa."

Tangu siku ile nilikitaka chumba kile. Sielezi vizuri nikisema nilitaka kukiona. Kuba lilikuwa lake, mihrabu ilikuwa yake, kile kijani kilikuwa chake mpaka duka zima lilijua. Lakini kati yetu sote tuliokaa kwenye mito ile, msafiri nilikuwa mimi. Nilitaka kitu kimoja cha msikiti ule ambacho mimi ninacho na yeye hana. Kimoja tu, kisha ningemwachia vyote vilivyobaki.

Usidhani alikuwa mtu wa kupendeza muda wote. Kazi yake serikalini haikuwa misikiti hata kidogo, ilikuwa mitaro ya maji ya mvua. Wadi, yaani yale mabonde makavu ya mito, zilipojaa na mtaa wa Qurum ukawa ziwa, watu wakipita na magari yamezama nusu, alikuwa akikaa mbele ya televisheni akiwalaumu waliokuja baada yake: nilisema kipenyo kile hakitoshi, nilisema. Hakuna aliyemtembeza mtu juu ya zulia kumwonyesha mtaro. Nadhani alilijua hilo.

Aliusifu msikiti ule hasa kwa kuwa haukumalizika. Sultani alikufa kabla kazi haijakwisha, na ile baraza ya mbele iliyokusudiwa haikujengwa kamwe. Kuna dirisha kwenye uso wa jengo ambalo nakshi yake imechongwa mpaka mahali fulani kisha ikakoma. "Fundi kaweka patasi chini kenda zake," alisema, na macho yake yaling'aa kama anayesimulia mzaha. Lakini mto ukikaa upande kwenye majlisi yake alikuwa akikatiza sentensi, anainuka na magoti yake mabovu, anaunyoosha. Ukuta wake wenyewe aliuacha mweupe mwaka baada ya mwaka kwa sababu kijani hakijapatikana, na hilo hakuona kama ni kuacha kazi bila kumaliza. Aliliita subira.

Na kuna hili. Niliachishwa kazi pale dukani, na wakati nahangaika kupata kafili mwingine wa kunidhamini nikapoteza kitanda nilichokuwa nimepanga. Nikamwendea Mhandisi. Nilijipanga maneno njia nzima. Nikamwambia ni siku chache tu, kwenye majlisi, nitaondoka kabla ya wageni.

Alinyoosha mto. "Majlisi si pa kulala, mwanangu."

Mkewe akanipa biriani ya kuondoka nayo, ya kutosha watu wengi, kwenye sufuria aliyoniambia nisirudishe. Nikala na yule Mkenya juu ya boneti ya pikapu yake, na kila tonge nililolimeza nilikuwa nikiwaonea wivu watu waliokufa zaidi ya miaka mia tano iliyopita, wenye matope mpaka magotini, ambao hawakuhitaji kujipanga maneno.

Ijumaa iliyofuata nilirudi. Nilikuta ameniwekea nafasi kulia kwake, mahali pa daktari wa meno.

"Hata ukuta unahamishwa siku hizi," daktari akanung'unika, akaketi kwingine.

Wivu ulikuwa umejaa nyumba ile. Si wangu peke yangu. Mkewe Mhandisi aliuita msikiti ule mke mwenzangu. "Umekuja kumsikiliza mke mwenzangu?" ananiuliza langoni. "Ingia, leo yuko kwenye ngazi." Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye kusema mambo makali kwa sauti ya kukaribisha. Siku moja alinitaka nimbebee mtungi wa gesi mpaka jikoni, na tulipokuwa huko akaniuliza kama nimeshasikia habari za chumba.

"Cha wasafiri? Mara nyingi, Mama."

"Basi nikwambie, lakini kwake hujasikia kitu. Tulikwenda mara moja. Mchana mmoja, mvua inanyesha, mie nna mimba ya kwanza na viatu vimerowa. Kaona kila kitu, kagusa kila kitu. Kufika kwenye vyumba, vimefungwa. Kamwomba mlinzi kwa Kiarabu, kamwomba kwa Kiingereza, kamwomba kwa mikono. Mlinzi hana ufunguo. Mume wangu akakaa kwenye ngazi, mtu mzima yule, kama mtoto alonyimwa sikukuu."

"Hakurudi tena?"

"Kila mwaka anasema mwakani. Mie nadhani anaogopa. Akienda akakuta pamefungwa tena, atafanya nini?" Akafungua gesi, akanusa, akaifunga. "Mwanamke nngemfukuza. Msikiti ntaufanya nini?"

Nikatoka jikoni na furaha ambayo sikuitegemea. Nikayapitia kichwani maneno yote ya Mhandisi nikitafuta uongo, na sikuupata. Hakuwahi kusema aliingia. Alisema kuna jiko, kuna vidaka. Alivisoma, akavipima kwenye michoro, akavisimamisha juu ya zulia na daktari wa meno akawa ukuta wake. Lakini mguu wake haukukanyaga. Kumbe kile kitu kimoja kilikuwapo, na kilikuwa kinaningoja mimi.

Nieleze sasa desturi moja ya majlisi ile, maana ndiyo iliyoamua mambo. Mtu akitoka safari, haanzi kusimulia ovyo. Anaketi, anapewa tende na kahawa, kisha mwenye nyumba ndiye anayemwuliza khabari, na wengine wananyamaza mpaka amalize. Baada ya hapo khabari ile ni ya nyumba. Akiingia mgeni mwingine amechelewa, msafiri harudii. Mwenye nyumba ndiye anayempa mgeni khabari zote kwa niaba yake, na msafiri anakunywa kahawa yake akipumzika. Nilimsikia Mhandisi akizitoa hivyo khabari za mazishi ya Nizwa na za ngamia aliyepotea, bila kuongeza wala kupunguza, na wenye khabari wamekaa kimya pembeni. Niliipenda desturi ile. Ilikuwa bado haijanifikia.

Nafasi ilikuja kwa njia ya taulo, nikiwa nimeshapata kafili mpya. Kuna mama wa Kitanzania mwenye duka la mashuka na mapazia Hamriya, ambaye hufuata bidhaa zake mwenyewe viwandani. Alitaka mtu wa kubeba.

"Uturuki unaijua?" akaniuliza.

"Istanbul siijui. Bursa naijua."

"Ulifika lini?"

"Sijafika. Lakini ukinishusha mlangoni kwa Msikiti wa Kijani nakutembeza nimefumba macho."

"Mimi nina shida ya taulo, kaka, wewe unaniletea ibada," akasema, akacheka. Lakini alinichukua.

Asubuhi ya mwisho, mizigo imeshafungwa, nikapanda kilima peke yangu. Msikiti ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwenye zulia. Hilo lilinifurahisha kwanza. Nikaliona dirisha lenye nakshi iliyokatika. Nikapita chini ya ile dari ya chini yenye giza, nikatokea kwenye birika, na maji yalikuwa yanasema kidogo kidogo kama alivyosema. Nikaenda ukutani kukitazama kijani, na nilisimama pale nikiwa na hasira, kwa sababu alisema kweli. Hakuna boksi hata moja nililowahi kubeba lililokuwa na rangi ile. Kila nilichokitazama alikuwa amekitazama kabla yangu, na maneno yake yalikuwa yamekaa juu yake kama vumbi, siwezi kuona bila kupitia kwake.

Kisha nikasikia watu wanahema. Wahudumu wawili walikuwa wanahangaika na zulia lililoviringishwa, wanalirudisha ndani kupitia mlango mdogo wa kushoto, na limewazidi. Mikono yangu ilifika kabla ya akili. Mchukuzi akiona mzigo unayumba haombi ruhusa. Nikashika katikati, mmoja akasema neno la Kituruki lenye shukrani ndani yake, tukapinda, tukainama, tukaingia.

Jiko lilikuwapo, na juu yake kofia ndefu ya plasta iliyonakshiwa. Vidaka vilikuwapo, vingi, vidogo, safu juu ya safu, kama nyumba ya njiwa. Kulikuwa na viti vya plastiki na mashine ya kufyonza vumbi. Tukalaza zulia, na mimi nikaketi juu yake kupumua. Wahudumu wakaniachia dakika ile, walidhani nimechoka. Nami nikasema moyoni, kwa Kiswahili, nimo. Mimi nimo, wewe humo.

Niliporudi Muscat nilikuta mambo yamebadilika Al Hail. Kisukari kilikuwa kimeshika macho ya Mhandisi. Mkewe alinipokea langoni bila mzaha wowote, akaniambia tu nikae karibu na mzee ili anione. Ilikuwa Ijumaa baada ya alasiri, na tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Akanijua kwa sauti.

"Kula tende. Umetoka wapi, khabari gani?"

Nilikuwa nimeifanyia mazoezi habari yangu kwenye ndege. Nilikuwa nimeamua kuitoa polepole, nimwache aulize, nimwone anavyoomba. Ikatoka yote mara moja, kama maji. Nilipofika kwenye mlango mdogo aliweka kikombe chini.

"Uliingia?"

"Niliingia."

"Ndani kabisa?"

"Niliketi, mzee."

Akausogeza mto wake karibu nami. Kisha akauliza mambo ya mhandisi. Mlango ulinilazimu kuinama? Ulinilazimu. Vidaka vinaanzia karibu na sakafu au juu ya kiuno? Nikamwonyesha kwa mkono, nikakumbuka haoni vizuri, nikamshika mkono nikauweka kwenye kimo kile. Ndani ya jiko kuna masizi? Hakuna, pamepakwa chokaa upya. Hilo lilimhuzunisha kidogo.

Hapo daktari wa meno akaingia, na wageni wawili nyuma yake. Salamu zikapigwa, kahawa ikamiminwa, na daktari akauliza kama kuna khabari.

"Khabari ni kwamba chumba kimeingiwa," akasema Mhandisi.

Nikajiegemeza kwenye mto. Desturi ni desturi. Akaanza vizuri, kwa haki, kijana wetu huyu alikwenda, kijana wetu huyu alishika zulia. Kisha alipofika mlangoni akaacha kunitaja. Unainama, akasema. Kwanza huoni kitu, maana umetoka kwenye nuru ya birika. Mkono wako unatafuta ukuta na unakuta kidaka, na kwa mara ya kwanza tangu utoke kwenu unaweka kifurushi chako mahali ambapo hakitaibiwa. Nguo zako zinatoa mvuke mbele ya moto. Upande wa pili wa ukuta unasikia maji, na zaidi ya maji unasikia watu wanaswali, na hakuna aliyekuuliza unaondoka lini. Mgeni mmoja alikuwa ameshika tende karibu na mdomo bila kuila.

Kilikuwa chumba changu. Niliketi ndani yake, yeye hakuketi, na sasa chumba kile kilikuwa kizuri kuliko nilivyokiacha.

"Kwani ulikwenda tena lini, Mhandisi?" mgeni akauliza.

Nikamtazama. Angeweza kupepesa maneno, na hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi na mkewe.

"Sikwenda," akasema. "Mie chumba kile sijakiingia, na sasa sitakiingia. Kaingia huyu. Nnamwonea wivu, wallahi, mpaka kahawa haipiti. Muulizeni yeye."

Ndilo neno nililolitaka kuliko mshahara wowote niliowahi kulipwa. Wote wakanigeukia, na nikaona utamu wake ukipanda kifuani. Daktari wa meno akasogea mbele.

"Haya, tupe lako. Nuru je? Madirisha yale yanaingiza nuru vipi asubuhi?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Nililiona jiko, nikaviona vidaka, nikaviona viti vya plastiki. Dirisha nililijua lipo. Lakini dakika ile nzima niliyoketi juu ya zulia nilikuwa nikimfikiria mzee huyu, uso atakaoufanya nikimwambia, neno atakaloanza nalo. Sikuwa nimetazama nuru.

"Sikumbuki," nikasema.

Daktari akacheka kidogo, bila ubaya. Mhandisi hakucheka. Aligeuza uso wake upande wangu, macho yakiwa mahali pengine.

"Ulipoingia msikitini, chumba kilikuwa mkono gani?"

"Kushoto."

"Kushoto ndo mashariki. Na dirisha ukutani kwa nje?"

"Ndiyo. Kwa nje."

"Asubuhi?"

"Asubuhi, mzee."

"Basi jua lilikuwa linaingia moja kwa moja, linapiga jiko. Chokaa mpya, itakuwa imeng'aa." Akanyoosha mkono akatafuta goti langu, akalipiga mara moja. "Nuru uliiona, yakhe. Hukuijua tu."

Kahawa ikazunguka tena na mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine. Tangu siku ile, nikikikumbuka chumba kile, jiko lina jua. Naliona wazi, jeupe, linaumiza macho, na siwezi kusema kwa kiapo kwamba ni langu.